Nani Alinunua Gari la Polisi Lililoegeshwa Nje ya Msikiti?



Polisi akimkosea mtu, sisi huuliza haraka: nani alitoa amri? Tunataka jina la OCS, jina la kamanda, namba ya gari. Hilo ni swali zuri na tusiliache. Lakini leo nataka uzoee kuuliza swali la pili, swali la kuchosha ambalo halipati likes wala halishirikishwi sana: nani alitoa pesa?

Polisi hawatembei kwa hewa. Gari lina mtu alilinunua. Kamera ina mtu aliyelipia. Yule kachero aliyekaa msikitini akijifanya muumini ana mshahara, na kompyuta anayoandikia jina lako ilitoka kwenye bajeti ya mtu. Usione vyaelea, vimeundwa.

Nataka tuliangalie jambo hili kupitia Marekani, kwa sababu mbili. Ya kwanza, kule karatasi nyingi zimeshatoka hadharani, kwa hivyo unaweza kuifuata dola moja kutoka Washington hadi mlangoni mwa msikiti wa New York. Ya pili utaiona mwishoni, na inakuhusu wewe moja kwa moja. Soma mpaka chini tafadhali, usiishie kwa kichwa cha habari.

VILE PESA INATEMBEA

Sisi hapa tuna huduma moja ya polisi ya taifa. Marekani hawako hivyo. Wana idara za polisi takriban 18,000. Mji una polisi wake, wilaya ina sherifu wake, jimbo lina polisi wake, hata vyuo vikuu vina polisi wao. Wengi wanalipwa na kodi za wenyeji, na wanatakiwa kujibu kwa wenyeji kupitia meya na baraza la mji.

Serikali kuu ya Washington haina ruhusa ya kuwaamuru hawa polisi wa miji na wilaya watekeleze programu zake. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema hivyo waziwazi mwaka 1997. Sasa, kama huwezi kumuamuru mtu, unafanya nini? Unampa pesa. Unamwambia: ukifanya hili na hili, kuna hundi hapa.

Hiyo ndiyo ruzuku, na ina historia ndefu. Mwaka 1968 Rais Johnson alitia sahihi sheria iliyofungua mfereji wa kwanza mkubwa wa pesa za Washington kwenda kwa polisi wa miji. Mwaka 1988, katika vita dhidi ya dawa za kulevya, ikaja ruzuku iliyopewa jina la Edward Byrne, polisi kijana wa New York aliyeuawa mwaka huo akilinda nyumba ya shahidi. Mwaka 1994 Rais Clinton akaahidi polisi wapya 100,000 mitaani, na Bunge likaidhinisha dola bilioni 8.8. Baada ya Septemba 11, Wizara mpya ya Usalama wa Ndani ikafungua mfereji mwingine. Kufikia mwaka 2012, ripoti ya Seneta Tom Coburn ilihesabu kwamba mpango mmoja tu wa wizara hiyo, ule wa miji inayodhaniwa kuwa shabaha ya magaidi, ulikuwa umemeza zaidi ya dola bilioni 7.

Sasa jiulize, hizi pesa zinabadilisha nini? Zinabadilisha mtu ambaye polisi anamtazama usoni anapofanya kazi.

Polisi wa kawaida akitaka gari jipya, mkuu wake lazima aende kwa baraza la mji aombe. Diwani anauliza: gari la nini? Kwa nini tusitengeneze barabara? Diwani anauliza hivyo kwa sababu pesa ni za wapigakura wake, na anawaogopa. Ruzuku ikiingia, maswali yanakufa. "Ni pesa za Washington, hatulipi kitu." Diwani anapiga makofi, anapiga picha, anaenda nyumbani. Pesa ya bwerere haiulizwi.

Coburn, ambaye alikuwa Mrepublican kabisa na wala si mtetezi wetu, alitoa mfano wa mji wa Keene, jimbo la New Hampshire. Watu kama 23,000 hivi, mji wa utulivu. Polisi wake waliomba pesa za kupambana na ugaidi wanunue gari la deraya, zaidi ya dola 285,000. Kwenye maombi wakataja tamasha la maboga la kila mwaka kama mahali panapoweza kushambuliwa. Maboga, ndugu yangu! Na pesa wakapewa.

Unaweza kucheka. Lakini angalia kile kilichotokea pale. Mji haukuwa na tatizo la ugaidi. Ulikuwa na fomu ya ugaidi. Fomu ikatengeneza tatizo ili pesa ije. Na sheria yenyewe ya Marekani inataka angalau asilimia 25 ya ruzuku hizi kubwa za usalama wa ndani iende kwenye kazi za polisi za kuzuia ugaidi. Yaani kila mwaka lazima "ugaidi" upatikane wa kuandikwa, uwepo usiwepo. Keene walijaza fomu kwa maboga. Miji yenye Waislamu ilijaza kwa nini?

KWANZA TULIA, TEXAS

Kabla hatujafika kwetu sisi Waislamu, tuwape heshima waliotangulia kuumia. Mfumo huu ulionja damu ya Wamarekani Weusi kwanza.

Tulia ni mji mdogo wa Texas, watu kama 5,000. Mwaka 1999 kikosi cha dawa za kulevya kilichoendeshwa kwa ruzuku ya Byrne kilimtumia kachero mmoja wa siri, Tom Coleman. Kwa ushahidi wake, watu 46 walikamatwa, wengi sana wao Weusi, katika mji ambao Weusi ni wachache. Hakukuwa na kanda za sauti. Hakukuwa na video. Hakukuwa na shahidi wa pili. Hawakukutwa na dawa walipovamiwa alfajiri. Neno la Coleman tu. Na kwa neno hilo kuna waliofungwa miaka mingi, wengine miongo.

Coleman alipewa tuzo ya askari bora wa mwaka wa Texas. Baadaye ushahidi wake ukaporomoka mahakamani. Mwaka 2003 gavana akawasamehe watu 35, na mwaka 2005 Coleman mwenyewe akapatikana na hatia ya kudanganya chini ya kiapo.

Kwa nini nakuletea hadithi hii kwenye makala ya pesa? Kwa sababu vikosi kama hivyo vilikuwa vinaishi kwa ruzuku, na ruzuku ilikuwa inatazama idadi. Umekamata wangapi? Umefungua kesi ngapi? Kikosi kisichokamata kinaonekana hakifanyi kazi, na kisichofanya kazi hakipewi pesa mwaka unaofuata. Ukimlipa mtu kwa kuhesabu vichwa, atakuletea vichwa. Hatakuuliza ni vya nani.

Na kikosi chenyewe kilikuwa cha wilaya nyingi kwa pamoja, pesa zinatoka juu. Mzazi wa Tulia aliyetaka kulalamika angelalamika wapi?

HALAFU NEW YORK

Sasa tufike msikitini.

Baada ya 2001, polisi wa New York walianzisha kitengo walichokiita Kitengo cha Demografia. Kazi yake ilikuwa kuchora ramani ya maisha ya Waislamu: mikahawa wanayokula, maduka ya nyama halali, vinyozi, misikiti, vyama vya wanafunzi vyuoni. Makachero waliovaa kiraia walipiga picha namba za magari yaliyoegeshwa nje ya misikiti. Watoa habari walirekodi khutba. Mwaka 2008 polisi wa siri alijiunga na wanafunzi Waislamu wa City College kwenye safari yao ya kupanda maboti mtoni, na akaandika kwenye ripoti ni mara ngapi kwa siku vijana hao walisali.

Hebu simama hapo. Vijana wanaenda kutembea, wanacheza maji, inafika Dhuhr wanasali. Na kuna mtu pembeni anahesabu. Analipwa kuhesabu.

Shirika la habari la AP ndilo lililofichua mambo haya kuanzia mwaka 2011, na likashinda tuzo ya Pulitzer kwa kazi hiyo. Mwaka 2012 likaenda hatua moja zaidi, ile hatua ninayokuomba uizoee. Likauliza: nani alilipa? Jibu likawa: sehemu ya pesa ilitoka Ikulu ya Marekani, kupitia ruzuku ya kupambana na DAWA ZA KULEVYA. Ruzuku hiyo ndiyo iliyolipia magari ambayo makachero waliyatumia kuzunguka mitaa ya Waislamu. Ndiyo iliyolipia kompyuta zilizohifadhi habari za wanafunzi, khutba na sherehe za watu wasio na kosa lolote. Tangu Septemba 11 eneo la New York na New Jersey lilikuwa limepokea dola milioni 135 kupitia mpango huo. Ni kiasi gani hasa kiliingia kwenye kuwachunguza Waislamu? AP waliandika kwamba haijulikani, kwa sababu usimamizi wa pesa hizo ulikuwa mdogo mno.

Umeona? Bunge linapitisha pesa za kupambana na unga. Rais anatia sahihi. Zinafika New York, zinageuka gari lililoegeshwa nje ya msikiti. Mbunge hajui, diwani hajui, imamu hajui. Na chini ya Bush na chini ya Obama pesa ziliendelea. Kwa hivyo yule anayekuambia kila kitu kingekuwa sawa kama chama fulani kingeshinda, mwambie aangalie tarehe za hundi.

Na matokeo? Mwaka 2012 afisa mkuu wa ujasusi wa polisi hao, Thomas Galati, alihojiwa chini ya kiapo. Alikubali kwamba katika muda wake pale, kazi ya kitengo hicho haikuzaa fununu hata moja iliyoanzisha uchunguzi wa ugaidi. Hata moja. Mwaka 2014 kitengo kikavunjwa, na kesi zilizofunguliwa na Waislamu zikaishia kwa maridhiano yaliyowawekea polisi mipaka. Hiyo ni haki, alhamdulillah. Lakini kijana aliyeacha kwenda kwenye chama cha wanafunzi kwa hofu hakurudishiwa miaka yake ya chuo.

Usidhani ni New York peke yake. Kulikuwa na vituo vya kukusanya na kubadilishana habari za ujasusi, vilivyojengwa nchi nzima kwa msaada wa pesa za Washington. Mwaka 2012 kamati ya Baraza la Seneti ilivichunguza. Wizara ilipoulizwa imetumia kiasi gani, haikuweza kusema kwa uhakika: makadirio yalikuwa kati ya dola milioni 289 na dola bilioni 1.4. Fikiria mhasibu wa chama chenu cha vijana aje na hesabu ya namna hiyo, mngemfanya nini? Na kati ya ripoti ambazo vituo hivyo vilitaka kuzituma juu kama "ujasusi", kamati ilikuta moja kuhusu mtu aliyekwenda kutoa mhadhara kwenye kituo cha Waislamu. Mada ya mhadhara? Malezi bora ya watoto.

HUNDI YENYE SURA NZURI

Mpaka hapa nimezungumzia pesa zinazokwenda kwa polisi. Sasa nataka uwe makini, kwa sababu mchezo ulibadilika. Pesa zikaanza kuja kwetu.

Wakaita CVE, kukabiliana na itikadi kali. Lugha ikalainika. Hakuna tena "kupeleleza". Sasa ni "kushirikisha jamii", "kuwawezesha vijana", "mazungumzo". Kuna mpira wa miguu, kuna kuwasaidia watoto na masomo, kuna semina na chakula cha mchana.

Chukua Minnesota. Huko wanaishi Wasomali wengi sana, na si wachache waliopita Dadaab na Eastleigh kabla ya kufika, kwa hivyo hawa ni watu wetu hasa. Mwaka 2009 polisi wa mji wa St. Paul walipewa ruzuku ya Wizara ya Sheria, karibu dola 670,000, ya kuwafikia wahamiaji Waislamu kutoka Afrika. Kwa nje ilikuwa michezo na urafiki. Nyaraka za maombi zilipotoka baadaye, zilionyesha kwamba urafiki huo ulitarajiwa pia kuwasaidia polisi kutambua watu wa kuchunguzwa. Kocha wa mpira anajua nani amekuja na nani hajaja wiki mbili. Kumbe habari hiyo ina mnunuzi.

Januari 2017, wiki ya mwisho ya serikali ya Obama, Wizara ya Usalama wa Ndani ikatangaza ruzuku za CVE za dola milioni 10 kwa miradi 31. Baadhi zikaenda kwa mashirika ya Waislamu. Halafu Trump akaingia, na amri yake ya kuzuia watu wa nchi kadhaa za Kiislamu, Somalia ikiwemo.

Hapo ndipo likatokea jambo ambalo nataka ulikumbuke kuliko yote kwenye makala hii. Ka Joog, shirika la vijana Wasomali la Minneapolis, lilikuwa limepewa karibu dola 500,000. Likakataa. Bayan Claremont, chuo cha Kiislamu cha California, kilikuwa kimepewa dola 800,000. Kikakataa. Shirika moja la Waislamu la Dearborn, Michigan, dola 500,000. Likakataa. Unity Productions, watengenezaji wa filamu, karibu dola 400,000. Wakakataa.

Wewe umewahi kuendesha kikundi cha vijana? Unajua kodi ya ofisi ikichelewa vile simu ya mwenye nyumba inavyolia? Basi elewa nusu milioni ya dola ni nini. Na hawa walisema hapana, si kwa sababu wameshiba. Waliona kwamba mtoto akija kwao kulia, hawataweza tena kumwambia "hapa ni salama".

Wale waliobaki kwenye mpango walipata nini? Katikati ya 2017 serikali mpya ilitoa orodha yake. Shirika la Life After Hate, lililokuwa likiwasaidia watu kutoka kwenye makundi ya Wazungu wenye chuki, likaondolewa dola 400,000 zake. Fungu la polisi likaongezwa. Mkono uliotia sahihi ulibadilika, na pesa zikabadilika nao. Mwaka 2018 hata ofisi ya meya wa Los Angeles ikaachana na ruzuku yake ya dola 425,000 baada ya wakaazi na mashirika ya haki kuipinga.

"LAKINI POLISI WANAHITAJI PESA"

Najua kuna anayesoma akisema: we bana, unataka polisi wafanye kazi bila vifaa? Miji maskini itajilinda na nini?

Ni hoja ya kweli na sitaikimbia. Kuna utafiti wa mwaka 2007, wa wanauchumi William Evans na Emily Owens, uliopata kwamba polisi walioajiriwa kwa ruzuku za 1994 walisaidia kupunguza uhalifu. Sikatai. Mama anayeishi kwenye mtaa wa majambazi anahitaji polisi, na Muislamu naye huibiwa na huuawa. Misikiti na masinagogi ya Marekani yamepata ruzuku za kuweka kamera na milango imara baada ya kushambuliwa, na mimi siwezi kumlaumu imamu anayelinda waumini wake.

Lakini angalia tofauti. Polisi anayejulikana mtaani, anayelipwa na mtaa, anayeweza kuulizwa na diwani, ni kitu kimoja. Pesa za siri zinazotoka mbali, zenye neno "ugaidi" juu yake, zisizopitia kwa mtu yeyote uliyempigia kura, ni kitu kingine. Anayetetea ya pili hujificha nyuma ya ya kwanza. Ukitaja gari la nje ya msikiti, yeye anakuonyesha mama aliyeibiwa. Usikubali kuchanganywa.

Na ruzuku ina kamba. Polisi walilijifunza hilo wenyewe. Mwaka 2017 Mwanasheria Mkuu Jeff Sessions alisema miji isiyowasaidia maafisa wa uhamiaji itanyimwa ruzuku ya Byrne. Chicago ikaenda mahakamani na ikashinda zuio. Fikiria: pesa iliyoanza kwa jina la polisi aliyeuawa akimlinda shahidi mhamiaji ikawa fimbo ya kuwatisha wahamiaji. Mla cha mwenziwe na chake huliwa.

OAKLAND WALIFANYA NINI

Usitoke hapa umekata tamaa. Mji wa Oakland, California, ulipewa mamilioni ya ruzuku ya usalama wa bandari. Ya bandari! Polepole mpango ukavimba, ukawa kituo kikubwa cha kuunganisha kamera za mji mzima. Baraza la mji lilikuwa linapitisha tu, kama kawaida ya pesa ya bwerere.

Wakaazi wakaanza kusoma karatasi. Wakaja kwenye vikao, wakajaza ukumbi, wakazungumza mmoja baada ya mwingine mpaka usiku. Wapo waliokuwa wanafunzi, wapo wazee, wapo Waislamu, wapo wasio na dini. Machi 2014 baraza likakubali kupunguza mpango ubaki kwenye bandari na uwanja wa ndege. Hawakuishia hapo. Mwaka 2016 wakapata tume ya kudumu ya faragha, na mwaka 2018 sheria: polisi hawaruhusiwi kuomba ruzuku ya vifaa vya upelelezi, wala kuvinunua, kabla jambo hilo halijajadiliwa hadharani na baraza kulipigia kura.

Waliwashika polisi kabla fomu haijajazwa. Ukisubiri gari lifike umechelewa, utakuwa unapigana na kitu ambacho tayari kina dereva.

SASA TURUDI NYUMBANI

Nilikuahidi sababu ya pili. Ni hii: mfereji ule haukuishia Marekani. Kikosi chetu cha kupambana na ugaidi, ATPU, kiliundwa mwaka 2003, na kwa miaka mingi kimepata mafunzo na vifaa kutoka Marekani na Uingereza. Mwaka 2014 Human Rights Watch ilitoa ripoti kuhusu mauaji na watu kupotezwa mikononi mwa kikosi hicho, na ikawataka wafadhili wasitishe msaada. Mama wa Majengo anayemtafuta mwanawe anakwenda kituo cha polisi na kurudi. Hakuna mtu amewahi kumwambia kwamba kuna meza nyingine, mbali na hapo, ambapo bajeti ilipitishwa.

Na maneno pia yamevuka bahari. Mwaka 2016 Kenya ilizindua mkakati wa taifa wa kupambana na itikadi kali, kisha kaunti za Pwani zikaandika mipango yake. Ukiwa na kikundi cha vijana Mombasa, Kwale, Lamu au Garissa, ushasikia CVE. Ushaona fomu. Sisemi kila mradi ni mtego, na wapo ndugu zetu wanaofanya kazi safi kwa pesa hizo. Nasema uliza kabla ya kutia sahihi. Maswali matano:

1. Pesa hizi zinatoka kwa nani hasa? Usitosheke na jina la shirika lililo katikati. Nani yuko mwanzo wa mfereji?

2. Mradi utahesabu nini? Kama ni idadi ya vijana "walio hatarini" waliotambuliwa, basi wewe umeajiriwa kutafuta vichwa. Kumbuka Tulia.

3. Majina, namba za simu na picha za wanaohudhuria zinakwenda wapi, na nani ana ruhusa ya kuziona? Taka jibu kwa maandishi.

4. Kijana akisema mbele yako kwamba ana hasira na serikali, mkataba unakutaka ufanye nini?

5. Je, unaweza kuusoma mkataba wote kwa sauti mbele ya wazazi wa vijana hao? Kama huwezi, usiutie sahihi.

Na kwa upande wa polisi wenyewe, usikubali kuambiwa ni siri na ukaondoka. Katiba yetu kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari, na tangu 2016 kuna sheria ya kuitekeleza. Ndiyo, watakutajia usalama wa taifa. Waandikie hata hivyo, na uwe na nakala ya barua. Kaunti ikitangaza kikao cha maoni ya umma kuhusu bajeti, nenda. Najua kikao kinaitwa saa tatu asubuhi siku ya kazi, na viti vimejaa watu walioletwa kwa basi. Nenda, na wenzako watatu, na swali moja mliloliandika kwenye karatasi.

Wiki hii fanya jambo dogo. Chagua kitu kimoja cha ulinzi kilichofika mtaani kwako miaka ya karibuni: kamera, gari, kibanda cha polisi, semina ya vijana. Tafuta nani alilipa. Andika jibu kwenye maoni hapa chini, na usitaje jina la mtu binafsi. Ukikosa jibu, andika ulimuuliza nani na alikujibu vipi. Tutakusanya majibu yote, na Ijumaa ijayo, inshallah, tutaanza kuandika barua.